Venye unaweza kupima sayansi ya vipindi vya zamani vya TV vya anga za juu bila kuharibia watu raha

Mimi ni fundi wa TV na redio hapa Kisumu, kibanda kiko upande wa Kibuye, na watu hudhani kazi yangu ni kutengeneza kumbe kazi yenyewe ni kungoja. Unangoja spea itoke Nairobi, unangoja stima irudi, unangoja mwenye TV aje na ile pesa alisema ataleta Ijumaa. Halafu TV ikishapona lazima iwake masaa kadhaa ndio nijue haitazima tena ikifika kwa mwenyewe, na huwezi kuiwasha tu hivi hivi bila kitu ya kuonyesha, ndio nikajaza flashi moja na vipindi vya zamani vya anga, vile vya miaka ya 60 na 70 venye watu wamevaa nguo za kubana na mlango unajifungua wenyewe ukisema shwii.

Basi kibanda kikageuka sinema. Kijana ninayemfundisha kazi, ametoka chuo juzi, muziki wa kuanza haujaisha ashasema huu wote ni uwongo mtupu. Jamaa wa boda anayeegesha hapo nje yeye anasema wazungu walikuwa na hivi vitu kitambo ila wanatuficha. Wanabishana mpaka mvua inaanza, na hakuna hata mmoja ameshika kalamu. Hapo ndipo nikaona niandike hii, juu kuna njia ya kupima hizi vitu na haitaki digrii, inataka fizikia ya fom tuu, karatasi, na simu yenye kikokotoo.

Kabla hujacheka, angalia mwaka kipindi kilitengenezwa. Hii watu huruka na ndio inawaaibisha. Mtu anaona kipindi kina watu wanaishi Mirihi anaanza kucheka waandishi walikuwa wajinga, lakini picha za kwanza za Mirihi kutoka karibu zilikuja Julai 1965, chombo cha Mariner 4 kilipopita hapo, ndio dunia ikaona mashimo kama ya mwezini na hewa nyepesi kiasi cha kukatisha tamaa. Zuhura nayo watu walikuwa wakiiwazia mabwawa na misitu chini ya yale mawingu, mpaka Mariner 2 ikapita 1962 ikaonyesha ni jiko. Kwa hivyo aliyeandika Mirihi yenye watu 1960 alikuwa anakisia ndani ya yale yaliyojulikana. Aliyeandika hivyo hivyo baada ya 1976, vyombo vya Viking vikiwa vishatua huko na kupiga picha mchanga, huyo sasa mshike shati. Ni kama kumlaumu babu yako kwa kutotuma pesa kwa simu.

Ukishajua mwaka, tafuta ule uwongo mmoja ambao hadithi inaomba ruhusa. Kila hadithi ya anga inaomba ruhusa ya kitu kimoja kikubwa, mara nyingi ni chombo kwenda kasi kuliko mwanga, juu bila hiyo hakuna hadithi, mashujaa watazeeka njiani. Mimi hutoa hiyo ruhusa bila kinyongo. Umekuja kwangu kama mgeni, keti, kunywa chai. Lakini ukishapewa ruhusa ya moja usianze kufungua kabati zangu. Yaani kitu ya kupima sio kama uwongo mkubwa unawezekana, ni kama wanauheshimu wenyewe.

Chukua Star Trek ile ya kwanza kabisa, kipindi cha Marekani cha watu wanaozunguka nyota kwa chombo, ya 1966 mpaka 1969. Wale waandishi walipewa kanuni ya spidi, namba ya "warp", ambayo ni kama gia ya chombo, unaizidisha kwa yenyewe mara tatu, ndio unapata mara ngapi ya spidi ya mwanga. Warp 2 ni 2 mara 2 mara 2, mara 8 ya mwanga. Warp 6 ni mara 216. Sasa nyota za jirani yetu, Alpha Centauri, ziko miaka ya nuru kama 4.4 (mwaka wa nuru ni umbali mwanga unaenda kwa mwaka mmoja), kwa warp 6 utafika kama siku 7 na nusu hivi. Safi kabisa, hiyo ni kama safari ya lori kutoka Mombasa ikipitia mizani zote. Hadithi inaingia hapo vizuri.

Lakini kuna sehemu moja ya 1969, inaitwa That Which Survives, chombo kinarushwa ghafla umbali wa miaka ya nuru 990.7, namba wanaisema wenyewe na hiyo desimali yake, halafu wanarudi kwa warp 8.4 na wanasema watafika kwa masaa 11.337. Nilisimamisha hapo. Nikachukua karatasi, 8.4 mara 8.4 mara 8.4 ni kama 593. Gawanya 990.7 kwa 593, unapata 1.67, na hiyo ni miaka, sio masaa. Yaani kwa kanuni yao wenyewe wangefika baada ya miezi 20, na wale waliowaacha kule kwa sayari wangekuwa mifupa. Kijana wangu alifurahi sana akadhani nimemuunga mkono. Nikamwambia hapana, wewe ulisema ni uwongo juu hakuna kitu inaweza pita mwanga, mimi nasema ni kosa juu wao wenyewe wametupa kanuni halafu wamesahau kuishika. Hizo ni shutuma mbili tofauti. Ya kwako haihitaji hata kutazama kipindi.

(Na hiyo desimali tatu ndio huniudhi zaidi. Mtu akikudanganya kwa kukadiria unaweza kusamehe, lakini akikudanganya na desimali tatu amekuona mjinga.)

Halafu uliza, hii kitu iliwekwa na sayansi ama iliwekwa na mfuko? Swali hili limenifungua macho kuliko yote. Ile mashine ya Star Trek ya kumyeyusha mtu hapa na kumtokeza kule, haikutoka kwa mwanasayansi yeyote, ilitoka kwa bajeti. Kutua chombo kizima kwa sayari mpya kila wiki ingekula pesa nyingi sana kwa picha, kwa hivyo wakaona afadhali watu wang'ae kidogo wapotee. Graviti ndani ya chombo pia ni hivyo hivyo, studio iko hapa duniani na huwezi kuning'iniza waigizaji kwa waya kila wiki. Ukijua hivyo unaacha kuuliza "walidhani hii inawezekanaje" na unaanza kuuliza kama, baada ya kubanwa na pesa, walijaribu kuifanya isimame.

Lakini ipime pia, kwa raha tu. Mtu wa kilo 70 ana atomu kama 7 ikifuatwa na sufuri 27. Tufanye wewe ni mkarimu kupita kiasi, kila atomu uiandike kwa baiti moja tu, ambayo haitoshi hata kusema iko wapi. Sasa tuma hiyo faili kwa laini ya gigabaiti moja kila sekunde, ambayo hapa Kibuye hakuna mtu ashawahi kuiona lakini tuseme ipo. Gawanya. Utangoja miaka kama bilioni 220. Ulimwengu wote una miaka bilioni 13.8. Kwa hivyo mtu wako bado anapakia, nyota zishazimika, na chini ya skrini imeandikwa asilimia sita.

Na hiyo ni habari tu, bado mwili. Wakisema wanamgeuza mtu kuwa nishati, basi tumia ile hesabu ya Einstein, uzito mara spidi ya mwanga mara spidi ya mwanga tena, kilo 70 inakupa jouli (kipimo cha nishati) 6.3 zenye desimali kusogezwa kulia mara 18. Ukichukua nchi nzima iwe inatumia stima megawati 2,000 bila kupumzika, hesabu rahisi tu, hiyo nishati ya mtu mmoja ni stima ya Kenya ya miaka 100. Jamaa wa boda aliposikia hivyo akauliza kwa hivyo mtu mnene ni bei gani. Swali zuri, ndio fizikia hiyo, uzito ukipanda bili inapanda.

Sasa nije kwa ile mbinu ninayoipenda zaidi, na sikuitoa kwa kitabu, niliitoa kwa mama mmoja anayeuza samaki hapo mbele. Alikuja kuchukua redio yake, kwa TV kulikuwa na The Six Million Dollar Man, ile ya miaka ya 70 ya rubani aliyeanguka akatengenezwa upya, mkono wa kulia, miguu yote miwili na jicho la kushoto vyote vya mashine. Jamaa akashika gari chini, akaliinua upande kwa mkono mmoja. Watu wakashangilia. Mama akaangalia, akaweka beseni chini, akaniuliza:

"Fundi, huo mkono umeshikiliwa na nini?"

"Ni wa mashine mama, ni wa chuma."

"Nimesikia ni wa chuma. Nauliza umeshikiliwa na nini."

Nikanyamaza. Juu alikuwa sawa kabisa. Mkono wa chuma umefungwa kwa bega la nyama. Bega limeshikwa na mfupa mwembamba wa mbele na misuli, hiyo imeshikwa na uti wa mgongo, mgongo unashuka kwa nyonga, ndio sasa unafika kwa miguu ya mashine. Upande mmoja wa gari ndogo tuseme ni kilo 500, hiyo ni magunia matano ya mahindi ya kilo 90 na bado yanabaki mabaki, na yote yanapita katikati ya mtu wa kawaida. Mkono hautavunjika, hapana. Utang'oka. Ni kama ufunge injini ya lori kwa fremu ya baiskeli halafu ujisifu una farasi mia tatu, farasi wapo lakini baiskeli itakuacha njiani vipande vipande.

Kwa hivyo hiyo ndio njia, fuata nguvu mpaka iishie chini. Ukiona mtu anainua, anavuta, anazuia, usiangalie mahali anashika, angalia nguvu inapita wapi ikitoka hapo, na inaishia kwa nini. Fundi yeyote wa paa anajua hii. Mtu akizuia lori kwa mikono, swali sio mikono, ni nyayo, lami itamshikilia? Huyo huyo jamaa wa mashine wanasema alikuwa anakimbia maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97, yaani anapita matatu iliyofungwa spidi gavana ya 80 huku anaipungia abiria mkono. Sawa, miguu ni ya mashine. Lakini halafu anasimama pap, hatua mbili. Gari yenye breki nzuri kwenye lami kavu kutoka spidi hiyo inataka kama mita 40, na ina matairi manne, yeye ana viatu viwili vya ngozi. Alitakiwa aonekane akiteleza mpaka kwa mtaro. Na ile kumwonyesha akikimbia polepole na mlio wa mashine, hiyo tena ni mfuko sio sayansi, na mimi naona ilikuwa akili sana, juu kumwonyesha mtu akikimbia haraka haraka huonekana kichekesho.

Mbinu ya ukubwa wa namba hutaitumia kila siku lakini siku utakayoitumia utafurahi. Kuna kipindi cha Uingereza, Space: 1999, kilianza 1975, na kisa chake ni kwamba tarehe 13 Septemba 1999 taka za nyuklia zilizohifadhiwa mwezini zinalipuka na kuusukuma mwezi wote utoke kwa dunia uende zake angani na watu juu yake. Kwanza taka za nyuklia zina joto na zina sumu lakini hazilipuki kama bomu, lakini sawa, hiyo ndio ruhusa waliyoomba, tuwape. Tupime kusukuma.

Mwezi unazunguka dunia kwa kilomita 1 kila sekunde. Ili uikimbie dunia unatakiwa ufike kama kilomita 1.4. Inaonekana kidogo, si ndio? Ongeza spidi kidogo tu. Lakini mwezi una kilo 73 ikifuatwa na sufuri 21, na ukifanya hesabu ya nishati, nusu ya uzito mara spidi mara spidi, tofauti unayohitaji ni sawa na mabomu bilioni 180 ya ile saizi ya Wasovieti ya 1961, ambayo ndiyo kubwa kuwahi kulipuliwa, megatani 50. Bilioni 180, zote zilipuke upande mmoja, na nguvu yote iende kwa kusukuma bila kupotea, na mwezi usipasuke. Na hapa kuna utamu ambao hata mimi niliuona mara ya pili: hata ukifaulu, umeutoa mwezi kwa dunia tu, bado hujautoa kwa jua. Utabaki unazunguka jua hapo hapo jirani, kama mtoto aliyetoroka nyumbani akalala kwa shangazi.

Ndani ya kipindi wanakutana na sayari mpya kila wiki, sehemu 48. Chombo cha Voyager 1 kilirushwa 1977 na kinaenda kilomita 17 kila sekunde, na hata kingekuwa kimelengwa nyota ya karibu zaidi kingetumia zaidi ya miaka 70,000. Hapo hakuna ruhusa inatosha.

Lakini usiwe mtu wa kutafuta makosa pekee, angalia pia walipopatia, hiyo ndio itafanya watu wakusikilize. Kipindi hicho hicho, vile vyombo vyao vinaitwa Eagle, havina mabawa, ni fremu ya vyuma wazi na sanduku katikati unaweza kubadilisha. Mtu angesema ni sura mbaya. Lakini mwezini hakuna hewa, mabawa ni ya nini? Aliyechora hapo alikuwa anafikiria kama fundi. Na kuhusu ile tarehe, mwezi wa kweli ulikuwa umeandama siku chache tu kabla, kwa hivyo jioni ya 13 Septemba 1999 ulikuwa mchanga, wa siku nne, juu ya ziwa magharibi baada ya jua kuzama. Nilikuwa kijana wakati huo na sikumbuki hata kama niliuangalia.

Kuna vitu vingine vidogo vya kupitia haraka. Sauti angani haipo, tunajua, lakini samehe, muziki nao hauna mtu anayepiga ngoma ndani ya chombo na hulalamiki. Ila ukitaka kujifunza kitu hapo, kaa nje jioni radi ikipiga ziwani uhesabu kutoka mwangaza mpaka ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, halafu urudi kwa TV uone venye mlipuko ulio mbali na sauti yake hufika pamoja hata zile sehemu hadithi iko hapa duniani. Mawasiliano pia. Mtu akiwa mwezini akiongea na duniani lazima kuwe na kimya cha sekunde 2 na nusu hivi kabla ya jibu, na Mirihi ujumbe wa kwenda tu ni dakika 3 mpaka 22 kulingana na ilipo, kwa hivyo ukiona wanabishana moja kwa moja kama watu wa gulio, andika. Wadudu wakubwa wasahau kabisa, ukikuza kitu mara 10 kila upande uzito unapanda mara 1,000 lakini nguvu ya miguu kubeba inapanda mara 100 tu, kumbikumbi wa saizi ya ng'ombe angeanguka kwa tumbo na kubaki hapo akingoja chumvi.

Na namna ya kusema. Usiseme katikati. Ngoja sehemu iishe, au stima ipotee, ambayo hapa hutangoja sana. Anza na swali sio jibu, kama yule mama, "umeshikiliwa na nini", halafu nyamaza uache watu wapeane majibu, utashangaa nani anajua nini, jamaa wa boda anajua mambo ya breki na kona kuliko kijana wangu wa chuo. Andika hesabu kwa karatasi iliyo wazi ili mtu akiona umekosea akurekebishe. Mimi ile ya mwezi mara ya kwanza nilisahau sufuri tatu na aliyeniona ni mtoto wa shule aliyekuja kuchaji simu.

Wiki iliyopita mama alirudi, redio imeanza tena kukwaruza. Kwa TV kulikuwa na kile cha mtu asiyeonekana, cha 1975. Akatazama kidogo. Nikaona wacha leo nimuulize mimi, "Mama, huyu mtu mwanga unapita ndani yake wote, si ndio? Sasa macho yake yanaona na nini?" Nikamweleza, jicho linaona juu pazia la nyuma yake linauzuia mwanga na kuunyonya, mwanga ukipita tu kama kwa dirisha hakuna kinachobaki cha kuona. Asiyeonekana haoni.

Mama akafikiria, akabeba beseni yake.

"Kumbe ndio maana anagongagonga watu," akasema. "Si mngemshika mkono avuke barabara."